Joey Dunlop na mikono yenye oili

Swali lenu la wiki: ni mwanamichezo gani aliyetangulia mbele ya haki ambaye ungependa akumbukwe, na kwa nini? Najua wengi watataja wacheza mpira na mabondia. Mimi ni fundi pikipiki, basi niruhusuni nimtaje Joey Dunlop wa Ballymoney, Ireland ya Kaskazini.

Kwa asiyemfahamu: katika kisiwa cha Isle of Man, kila mwaka barabara za kawaida hufungwa ili pikipiki zishindane kwenye mbio zinazoitwa TT. Mzunguko mmoja ni kama kilomita 60, tena kati ya kuta za mawe, nguzo na milango ya nyumba za watu. Joey alishinda huko mara 26. Ubingwa wa dunia wa Formula One TT (wa pikipiki, si ile Formula One ya magari) aliuchukua miaka mitano mfululizo, 1982 hadi 1986.

Mataji sawa, ila mimi kilichonishika ni mikono yake. Mtu alikuwa na kampuni nzima ya Honda nyuma yake. Angeweza kukaa kando akinywa chai, mafundi wahangaike. Wapi! Utamkuta kachuchumaa na spana, vidole vyeusi kwa oili, anarekebisha kabureta mwenyewe. Fundi yeyote atanielewa. Nati uliyoikaza kwa mkono wako huna haja ya kumuuliza mtu imekaza kiasi gani.

Si kwamba hayakumfika ya kumfika. Mwaka 1980, kwenye mbio za Classic TT, alikuwa juu ya Yamaha 750 yenye tangi kubwa la kubebea mafuta ya ziada. Mkanda wa kushikilia tangi ukaachia njiani. Akalibana kwa magoti mpaka mwisho, na akashinda. Anayeona hilo ni jambo dogo abane dumu la lita 20 kwa mapaja, kisha aendeshe bodaboda kwenye matuta.

Na mtu mwenyewe hakuwa msemaji. Alikuwa akijaza gari vyakula na nguo, anaendesha mwenyewe hadi Romania na Bosnia kuwapelekea watoto yatima.

Juni 2000, akiwa na miaka 48, alishinda mbio tatu Isle of Man katika wiki moja. Tarehe 2 Julai alikuwa Tallinn, Estonia, mvua inanyesha. Siku hiyo alishashinda mbio mbili. Ya tatu ilikuwa ya pikipiki ndogo, cc 125. Alikuwa anaongoza pikipiki ilipoteleza, akagonga miti, akafa palepale.

Cc 125! Ndizo ninazofungua kila siku hapa gereji, ingawa yake ilikuwa ya mbio, ya kuchanganya oili na petroli. Pistoni yake inaenea kiganjani. Kijana ninayemfundisha kazi huwa ananiuliza kwa nini nikiishika naigeuzageuza muda wote huo kabla ya kuirudisha.