Maswali ya Wasomaji: Nimestaafu, Nijiunge na Klabu ya Gofu au Nilipie Kila Ninapocheza?

SWALI: Habari za kazi, washauri. Nimestaafu nikiwa na miaka 60. Kwa muda mrefu nimecheza gofu kwa uanachama uliolipiwa na mwajiri, na sasa umekoma. Nakaa Mbezi Beach. Natamani kuendelea, ila kiinua mgongo ni kimoja tu na wanangu wawili bado wako chuo. Niingie klabu ya Gymkhana, niingie ya Lugalo, au niwe mgeni wa kulipia kila siku ninayocheza?
*Mstaafu, Mbezi Beach*

JIBU: Shikamoo mzee, na hongera kwa kumaliza utumishi salama.

Kabla hujalinganisha klabu na klabu, rudi kwanza kwenye ile uliyokuwa ukichezea. Uanachama wa kampuni ni mali ya kampuni, na ukistaafu nafasi ile anapewa mwingine. Hata hivyo zipo klabu zinazomruhusu mtu wa namna yako kuhamia uanachama binafsi kwa sehemu tu ya kiingilio (ada ya kujiunga, inayolipwa mara moja), na pengine bila kiingilio kabisa, ilimradi aombe ndani ya muda uliowekwa na katiba ya klabu. Muda huo ukipita unaanza upya kama mwombaji yeyote, na unatafuta wa kukupendekeza na wa kukuunga mkono. Peleka barua wiki hii, uambatanishe na ya mwajiri inayoonyesha umecheza kwa nafasi yake tangu lini. Ombi hilo halina gharama na linaweza kukuokolea mamilioni.

Sasa hesabu. Wengi hukosea kwa kulinganisha ada za mwaka peke yake, wakati kinachoumiza ni kiingilio, kwa kuwa hakirudi. Ukijitoa, ukihamia mkoani au ukiugua, kimekwenda. Kwa hiyo kigawe kwa miaka unayoamini kwa dhati utacheza. Kwa mtu wa miaka 60 tunashauri ugawe kwa 5, hata kama afya yako ni njema na una matumaini ya kufika 80 ukiwa uwanjani.

Chukua mfano huu. Tarakimu ni za kufanyia hesabu tu, si bei za klabu yoyote. Kiingilio shilingi 3,000,000, ukigawa kwa miaka 5 ni 600,000 kwa mwaka. Ada ya mwaka 1,800,000. Halafu kuna kitu ambacho wengi hukisahau: zile milioni 3 zingekaa kwenye hatifungani za Serikali zingekuletea riba kila miezi sita. Tukikadiria asilimia 10 kwa mwaka, unapoteza 300,000. Jumla ni 2,700,000 kwa mwaka. Ikiwa mgeni hulipa 60,000 kwa mashimo 18, yaani mchezo mmoja kamili, na mwanachama halipi kitu kuingia uwanjani, gawa 2,700,000 kwa 60,000. Jibu ni 45. Ukicheza chini ya mara 45 kwa mwaka, baki mgeni. Kama klabu humtoza mwanachama kiasi fulani kila anapocheza, kitoe kwanza kwenye ile 60,000 kabla ya kugawa.

Mara 45 huonekana chache kwa mstaafu, lakini mwaka wa Dar hauna wiki 52 za gofu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hula wiki kadhaa kwa sababu uwanja uliolowa hufungwa au hauchezeki. Weka misiba, harusi, safari ya kijijini, kliniki. Hesabu wiki 40. Anayecheza mara moja kwa wiki anafika 40 na bado yuko kwenye hasara. Anayecheza mara mbili anafika 80, na kila mchezo unamgharimu 33,750 badala ya 60,000. Hapo ndipo uanachama unapoanza kulipa, kwa hiyo jiulize bila kujidanganya wewe ni wa mara moja au wa mara mbili.

Bei unayotajiwa mezani iulizie mambo manne, na majibu uyapate kwa maandishi. Je, VAT imo au itaongezwa? Ukijiunga katikati ya mwaka, unalipa mwaka mzima au miezi iliyobaki? Kuna kiasi cha lazima cha kutumia kila mwezi kwenye chakula na vinywaji? Na kuna daraja la wastaafu, au la siku za kazi tu? Hili la mwisho lina thamani kubwa kwako. Wewe huna haja ya Jumamosi, siku ambayo uwanja umejaa na mashindano. Jumanne saa 1 asubuhi uwanja ni mtulivu na jua halijakolea. Kama klabu ina uanachama wa siku za kazi kwa bei pungufu, anzia hapo.

Malipo ya kedi, yule anayekubebea vifaa uwanjani, na ya mipira usiyaingize kwenye ulinganisho, kwa sababu unayatoa ukiwa mwanachama au mgeni. Yaingize kwenye bajeti ya mwezi. Mtu anayecheza mara 80 humlipa kedi mara 80, na kwa mwaka kiasi hicho kinaweza kukaribia ada yenyewe. Usijaribu kubana matumizi kwenye posho ya kedi. Ndiyo mkate wake.

Kuhusu viwanja: Gymkhana na Lugalo vyote vina mashimo 18. Gymkhana iko katikati ya jiji, upande wa Ocean Road, na ina michezo mingine kama tenisi, skwoshi na kriketi. Lugalo ni uwanja wa jeshi, JWTZ, na kwa mtu wa Mbezi Beach uko jirani zaidi. Umbali huo una bei. Pima kilomita za kwenda na kurudi, gawa kwa kilomita ambazo gari lako huenda kwa lita moja, zidisha kwa bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha zidisha kwa mara utakazocheza. Tofauti ya kilomita 24 kwa safari, kwa gari la kilomita 10 kwa lita, ni lita 192 kwa michezo 80. Na foleni ya asubuhi kuelekea mjini unaijua mwenyewe.

Kuna jambo moja linaloweza kugeuza hesabu yote, nalo ni handikapu, ile namba inayoonyesha kiwango chako cha uchezaji. Chini ya mfumo wa dunia ulioanza 2020, handikapu hukokotolewa kwa matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni, na inahitaji klabu ya kuitunza. Mgeni wa kudumu hana klabu, na bila handikapu hai huingii kwenye mashindano mengi. Kama mashindano ndiyo raha yako, sisi tungechagua hivi: jiunge na klabu iliyo karibu na yenye kiingilio nafuu, handikapu yako ikae hapo, na ile nyingine uitembelee kama mgeni mara moja kwa mwezi.

SWALI: Mume wangu anataka kulipia uanachama wa familia kwa pesa ya kiinua mgongo. Mimi gofu sichezi. Ananiambia nitakuwa naogelea. Je, tukubaliane?
*Mama, Tabata*

JIBU: Shikamoo mama. Tafuta tofauti kati ya ada ya mtu mmoja na ya familia, kisha igawe kwa idadi ya siku ambazo kweli utatoka Tabata kwenda kuogelea. Ikitoka bei kubwa kuliko ya kulipia bwawa kwa siku moja moja, basi aanze yeye peke yake. Lakini kabla hajaanza, aulize: mwenza akiongezwa baadaye, klabu inatoza tofauti ya kiingilio au inatoza upya? Jibu la swali hilo ndilo liamue.

Lipo pia jambo zito ambalo watu huona aibu kuliuliza. Mwanachama akifariki, mwenza anabaki kuwa mwanachama, au uanachama unakufa naye? Na kama kuna deni la bili, nani analipa? Haya yamo kwenye katiba ya klabu. Ombeni nakala, pamoja na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita na muhtasari wa mkutano mkuu. Klabu yenye pampu ya umwagiliaji iliyochakaa na akaunti tupu itawaomba wanachama mchango maalum ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mchango huo hauna hiari. Ikiwa inakataa kumwonyesha mwombaji hesabu zake, sisi tungeshika pesa yetu.

SWALI: Goti limenisumbua, sijakanyaga uwanjani karibu mwaka. Nimesikia naendelea kudaiwa ada. Ni kweli?
*Msomaji, Upanga*

JIBU: Kwa kawaida ni kweli. Kutokwenda si kujitoa. Ada huendelea kujikusanya mpaka uandike barua, na klabu nyingi hutaka barua hiyo kabla mwaka wao wa fedha haujaanza. Usikimbilie kujitoa, maana ukirudi utalipa kiingilio upya. Omba kuwekwa kwenye daraja la mwanachama asiyekuwepo, ambalo ada yake huwa ndogo, na uambatanishe cheti cha daktari. Omba ihesabiwe tangu ulipoacha. Wanaweza kukataa, lakini kamati nyingi husikiliza barua yenye cheti.

Daktari akikuruhusu kurudi, anza na mashimo 9. Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10, na goti linalopona haliwezi kurukia umbali huo. Ulizia pia kigari cha kukodi, ila hakikisha kwanza kinaruhusiwa siku ambazo uwanja umelowa.