Muulize Fundi: Kadi ya gemu isiyomwamsha mtoto

*Shikamoo Fundi. Nina Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, prosesa i5-4570, RAM GB 16. Nataka niweke kadi ya grafiki nicheze gemu za mpira na za magari. Mfukoni nina laki tatu na haziongezeki. Kariakoo nimeonyeshwa kadi mbili za mtumba: RX 580 ya GB 8 kwa laki mbili na themanini, na GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa laki na ishirini tu. Hii ya pili imenivutia kwa sababu ina tundu la VGA, na skrini yangu ni ya VGA. Jingine: tunaishi chumba kimoja na mke wangu, mtoto ana miezi saba, nami hucheza akishalala. Nichukue ipi, na nifanyeje isipige kelele?*
Msomaji, Mbagala

Marahaba, baba. Usichukue hata moja.

Nianze na hiyo ya laki na ishirini, maana nami iliwahi kunila. Nilimfungia mteja kadi ya namna hiyo, Windows ikasoma 1050 Ti, GB 4, tukapeana mikono. Gemu ikafunguka, dakika ya tatu skrini ikawa nyeusi. Akairudisha kesho yake asubuhi, hajanywa hata chai. Nikang'oa hitisinki, lile bati la kupoza chipu, nikafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka kama ukoko wa uji, na juu ya chipu nikakuta maandishi GF116. Hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti, kadi ya mwaka 2011! Mtu alikuwa ameibadilishia BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ili ijitambulishe kwa jina la mdogo wake. Hela ya mteja nilirudisha mimi, na aliyeniuzia simu yake haikupokelewa tena.

Tangu siku hiyo natazama matundu kwanza. Nvidia, watengenezaji wa chipu za GTX, waliacha kutoa mawimbi ya VGA kwenye kizazi cha 1050 Ti, mwaka 2016. Kwa hiyo kilichokuvutia ndicho kingekukimbiza. Pili, nabeba programu ya GPU-Z, inayosoma chipu ya kadi, kwenye flashi. Ni ya bure, na kadi iliyoghushiwa hivi huibandikia neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikukatalia kuifungua dukani, msalimie uondoke.

RX 580 sina ugomvi nayo, ni kadi ya kiume, ila kwako haina mahali pa kukaa. Yenyewe hula wati 185. Prosesa yako imeandikiwa wati 84. Pawa saplai ya mnara wako ni wati 290, na bado hujahesabu diski, feni na mazabodi, yaani bodi kuu. Halafu kadi hiyo inadai waya wa umeme wa pini 8, ambao saplai yako haina. Wengine watakwambia ubadilishe saplai. Sawa, lakini mazabodi ya 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24, Dell waliiwekea yao ya pini 8, kwa hiyo utatafuta na waya wa kugeuza. Laki tatu imeisha, gemu hujacheza.

Na hapo ndipo jibu la kelele lilipo. Kila wati inayoingia kwenye kadi inatoka kama joto, na joto hilo lazima feni ilifukuze. Kijana huniletea kadi ya wati 185 akitaka niifanye inyamaze. Nitahangaika nayo, ndiyo, lakini kelele yake aliinunua mwenyewe dukani, pamoja na boksi.

Tafuta GTX 1650 ya GB 4. Ilitoka mwaka 2019, ina wati 75, na wati hizo zote inaweza kuzipata kwenye sloti ya mazabodi inayochomekwa, bila waya wa pembeni. Zipo 1650 zenye tundu la pini 6, hizo ziache. Kama kuna ya feni moja na ya feni mbili, ongeza elfu ishirini uchukue ya feni mbili: feni mbili zinazojikokota hazisikiki kama moja inayokimbia. Ukiikosa kwa bajeti yako, 1050 Ti halisi nayo ni wati 75, itakusogeza. Kwa skrini nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye kijisanduku cha elektroniki ndani. Waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule hautaonyesha kitu. Kichomeke kwenye kadi, siyo nyuma ya mazabodi. Unacheka? Mwezi jana nimeitwa hadi Tegeta kwa jambo hilohilo.

Sasa utulivu. Wanaopima kadi huko Ulaya hukaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Chumba chako cha Mbagala mwezi wa pili, saa nne usiku, ni nyuzi 30. Tofauti hiyo ya karibu nyuzi kumi inahamia kwenye kadi yote, kwa hiyo ukisoma kwamba kadi fulani inakaa nyuzi 66, kwako weka 75. Usitishike. Nyuzi 75 kwa kadi si homa.

La kwanza halina gharama: zuia fremu, yaani picha ambazo kadi huchora kila sekunde, zisizidi 60. Skrini yako inaonyesha 60 kwa sekunde, kadi ikichora 110 zile 50 ni jasho la bure. Na kuna kamlio kembamba kama ka mbu ambako kadi nyingi hutoa kwenye menyu ya gemu, watu hudhani feni imekufa. Siyo feni, ni koili za umeme zinazotetemeka fremu zikiwa mamia kwa mamia. Ukizuia, mbu anakufa.

La pili, shusha volti. Weka MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, bonyeza Ctrl na F, utaona mstari wa volti na kasi. Ulaji wa chipu hupanda kwa mraba wa volti. Kwa kasi ileile, kadi iliyokuwa inatumia volti 1.05 ukiiweka kwenye 0.90, ulaji wa chipu unapungua kama robo. Cheza nusu saa. Ikiganda, ongeza kidogo. Kila chipu ina tabia yake, usinakili namba za jirani.

Kisha uje kwenye feni, ambako wengi huanzia. Mtoto haamshwi na mvumo, mbona analala na pangaboi linalia juu ya kichwa? Anaamshwa na feni inayopanda na kushuka kila dakika. Kwenye Afterburner chora mstari mlalo: asilimia 40 mpaka kadi ifike nyuzi 65, halafu ipande taratibu hadi asilimia 60 kadi ikifika nyuzi 78. Feni ikienda nusu ya kasi yake, kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, na sikio linaona tofauti hiyo kubwa kabisa.

Mnara usiuweke sakafuni wala nyuma ya pazia. Na usiuache wazi ubavuni ili "upumue". Mimi nimeshatoa mjusi kafiri aliyekauka juu ya mazabodi, mkia uko kwenye feni.

*Salaam aleikum Fundi. Mimi RX 580 nishainunua, ya GB 8, na saplai ninayo ya wati 550. Inavuma kama blenda, na feni moja yakwaruza. Pesa za kadi nyingine sina.*
Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Ndani ya programu ya AMD yenyewe, watengenezaji wa chipu ya RX 580, punguza volti na ukomo wa nguvu kwanza, hiyo kadi hupewa volti nyingi kuliko inavyohitaji. Kisha ifungue: safisha kwa spiriti na brashi ya rangi, weka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele. Zile pedi laini za memori kama zimechanika, pima unene wake kabla ya kununua nyingine, maana ikiwa nene sana hitisinki haitaigusa chipu. Unapopuliza vumbi, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke.

Feni inayokwaruza hapo pwani mara nyingi bearingi yake ishaliwa na chumvi na vumbi. Usiitie mafuta ya cherehani, utarudi baada ya wiki mbili. Ng'oa plastiki ya juu pamoja na feni zake zote, ubaki na hitisinki tupu, ufunge feni mbili za sentimita 12 kwa kebo tai. Zichomeke kwenye mazabodi. Shida ni kwamba mazabodi haijui joto la kadi, inasikiliza prosesa, kwa hiyo weka programu ya bure ya FanControl uiambie ifuate kadi. Haitakuwa nzuri machoni. Ila zikizunguka mara 900 kwa dakika, utasikia redio ya jirani kabla ya kuzisikia.

*Fundi, kadi iliyotoka kwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali ni ya kukimbia?*
Msomaji, Arusha

Hapana. Zilimwagika sokoni baada ya Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, kuacha kuchimbwa kwa kadi, tarehe 15 Septemba 2022, na nyingi zilikuwa zimeendeshwa kwa volti za chini. Kilichochoka ni feni na pesti. Iwashe dukani dakika 20 kwa jaribio zito, uangalie kama kuna vinukta vya rangi kwenye skrini, na uzungushe kila feni kwa kidole ikiwa imezimwa. Ikisimama ghafla badala ya kusimama polepole, omba upunguziwe bei ya feni mbili.