Chanda Chema na Pete Iliyochelewa

Juzi msomaji mmoja aliniandikia swali la mstari mmoja: "Yule dada aliyekuwa akihakiki riwaya za upelelezi amepotelea wapi? Si mlikuwa pamoja?" Nilikaa na simu mkononi nusu saa nzima. Jibu nilikuwa nalo, ila sikupenda kulisema.

Kweli tulikuwa pamoja. Kwa miaka mitatu mimi na yeye tulihakiki vitabu mahali pamoja mtandaoni, mara nyingi kitabu kile kile, juma lile lile. Mwenye wasomaji wengi nilikuwa mimi. Nilianza mapema, naandika kila wiki bila kukosa, na wapo wachapishaji wanaonitumia vitabu kabla havijafika madukani. Hayo nimeyatolea jasho na najivunia. Lakini kipaji ni kitu kingine, na kati yetu wawili mwenye kipaji hasa alikuwa yeye.

Siku niliyolijua hilo naikumbuka. Kulikuwa na riwaya ya kijana anayerudi kuuza nyumba ya marehemu baba yake. Niliisoma mara mbili, nikaandika maneno 1,400 kwa usiku tatu: muundo, wahusika, mandhari, lugha, kila kitu. Nikaona nimemaliza, sikumbakizia mtu la kusema. Siku mbili baadaye akaweka ya kwake, haifiki hata maneno 400. Alikuwa na hoja moja tu: msimulizi hatamki neno "baba" katika kitabu chote. Anasema "mzee", "mwenye nyumba", "yeye". Neno lenyewe linakuja katika sentensi ya mwisho, na analiambia mlango. Nilirudi kitabuni mbio, nikapekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta pa kumkosoa. Sikupapata. Mimi niliyesoma mara mbili sikuwa nimeliona.

Basi nikabonyeza kile kidole gumba, nikapita. Kisha, na hili naliungama kwa aibu, nikahesabu vidole vyake na vyangu. Vyangu vilikuwa vingi zaidi. Nikalala usingizi mnono.

Kisingizio nilikuwa nacho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga, nami methali hiyo nikaifanya ngao. Nikimsifu atabweteka, nilijiambia. Leo naona niliielewa kwa namna iliyonifaa mimi. Mgema anayeharibika ni yule anayepigiwa makofi na watu wasioonja. Anayeambiwa kwamba tembo la leo lina utamu fulani ambao la jana halikuwa nao, huyo anajua cha kushika kesho akipanda tena mnazi. Na mimi nilikuwa nimeonja.

Miezi minane iliyopita aliacha kuandika. Hakuaga. Nilipomwandikia faraghani kumwuliza kulikoni, akajibu: "Nilichoka kuandikia ukuta. Wageni wakinipita siwalaumu, hawajui kazi iliyomo. Wewe ulikuwa unajua." Hakuongeza neno. Nilianza kujitetea, nikafuta, nikaanza tena, nikafuta.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uchungu huo naufahamu. Aliwahi kutokea mhakiki mwenye jina akachukua hoja yangu nzima, akaigeuza maneno mawili matatu, akamwagiwa sifa, na mimi hakunitaja popote. Miaka imepita, na hadi leo nikikutana na tahakiki ile roho inanichoma. Mtu aliyeonja hayo alipaswa kuwa wa kwanza kumpa mwenzake haki yake. Sikumpa.

Nilipokuwa nayawaza haya niliwakumbuka Gene Siskel na Roger Ebert, wahakiki wa filamu wa Chicago. Siskel aliandikia gazeti la Chicago Tribune, Ebert aliandikia Chicago Sun-Times, magazeti yaliyokuwa yakiwindana. Mwaka 1975, mwaka ule ule Ebert alipopata tuzo ya Pulitzer, mhakiki wa kwanza wa filamu kuipata, waliwekwa pamoja kwenye televisheni. Wakaja kujulikana kwa kuinua au kushusha kidole gumba. Walibishana mbele ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, bila kuoneana haya. Lakini kubishana kule kulimaanisha kila mmoja amemsikiliza mwenzake hadi neno la mwisho. Siskel alifariki mwaka 1999. Miaka kumi baadaye Ebert aliandika makala ndefu ya kumkumbuka, na ukiisoma unaona mtu aliyemfahamu mshindani wake kwa undani. Mimi nilichochukua kwao ni kidole gumba peke yake.

Tusisahau pia kwamba uhakiki una historia ndefu ya watu wasiotajwa. Times Literary Supplement, jarida la uhakiki wa vitabu la London lililoanza mwaka 1902, lilichapa tahakiki bila majina ya walioziandika hadi miaka ya 1970. Hata Virginia Woolf, mwandishi mashuhuri wa riwaya wa Uingereza, aliliandikia kwa miaka mingi hivyo hivyo, bila jina. Msomaji aliyeguswa hakuwa na wa kumshukuru. Sisi tuna jina juu ya kila andiko na nafasi tupu chini yake ya kuandika chochote, halafu tunaiacha tupu!

Wahakiki wenzangu, msifuni mwenzenu angali anaandika. Tena msimsifu kwa "kazi nzuri" na "hongera sana", maana maneno hayo hata asiyesoma anaweza kuyaandika. Nukuu sentensi yake iliyokugusa. Sema ulikuwa umeona nini kabla, na sasa unaona nini. Ukiandika tahakiki yako na hoja ukaipata kwake, mtaje humo humo ndani, wasomaji wako wamfuate. Sema hadharani, nilikuwa nadhani ujumbe wa faragha unatosha, kumbe hata huo sikuutuma. Na ukisifu usiweke "lakini" mwishoni. Hiyo "lakini" ndiyo wivu wenyewe, naujua kwa sababu nimeuishi. Wivu hautakwisha, wala usiungoje uishe. Msifu nao ukiwa bado unakuchoma.

Ukisema huna muda, nitakuuliza: muda wa kuhesabu vidole vyake unaupata wapi?

Msomaji wangu nilimjibu ukweli wote. Kisha nikaenda kwenye ile tahakiki ya dada yule, isiyofika maneno 400, nikaandika chini yake, mbele ya kila mtu, maneno karibu 600. Nilieleza habari ya neno "baba", nikaeleza nilivyorudi kitabuni kumtafutia kosa, na nilivyokaa kimya miaka yote ile. Mwishoni nikaandika: dada, nilikusoma kila mara.

Hajajibu. Ila leo asubuhi nilipopita tena pale, nimekuta tahakiki ile ya zamani ina alama ya kuhaririwa. Nimeilinganisha na nakala niliyojihifadhia. Amesahihisha herufi moja katika aya ya pili.