Wewe unayeanza kuandika fantasia ya vijana, anza na mtu, ramani itafuata

Naandika hii kwa ajili yako wewe ambaye una stori kichwani, sijui ina zimwi sijui ina binti anayeongea na upepo, umeifikiria mpaka unalala nayo, lakini ukikaa kuandika unatoa mistari mitatu unafunga daftari. Mi nimepita hapo. Tena sikupita, nilikaa, kama miaka miwili hivi, na nadhani kama kuna mtu angenikalisha chini akaniambia haya mapema ningekuwa mbali saa hizi, ndo maana nayaandika.

Kilichonichelewesha ni ramani. Nilikuwa na kaunta buku zima nimechora milima, mito, mipaka ya falme saba, nimeandika ukoo wa kila mfalme mpaka babu wa babu yake, nimetunga hela yao, siku zao za wiki, viapo vyao, yaani ulimwengu una kila kitu ila hakuna mtu anayeishi humo. Kila nikianza sura ya kwanza najikuta naeleza jinsi ufalme ulivyoanzishwa miaka elfu tatu iliyopita na koo saba zilizovuka milima, kurasa nne, tano, na stori haijaanza. Mstari uliokuja kunitoa pale niliuandika siku moja bila kufikiria ufalme wowote, unasema hivi: "Sihaba aliwasha jiko bila kibiriti, akageuka kumwita paka, akakuta jina la paka halipo."

Basi. Huo mstari ulinipa kitabu. Binti ana nguvu, anaitumia kuwashia jiko kwa hiyo kwake ni kitu cha kila siku, na nguvu yenyewe ina bei, kila akiamsha moto neno moja analolijua linamtoka na halirudi. Hapo sijaeleza kitu, msomaji kajua mwenyewe, na tayari ana swali, je siku akihitaji moto mkubwa litaenda neno gani? Ufalme nilikuja kuujenga baadaye kidogo kidogo, Sihaba akifika mahali ndo na mimi najua pakoje. Kwenye lile kaunta buku nilichukua labda ukurasa mmoja. Sikukatazi kuchora, kuchora ni raha sana, ila chora ukiwa tayari unamjua mtu anayetembea juu ya hiyo ramani na anakimbia nini.

Hilo la bei naomba ulishike kweli kweli maana nimesoma kazi nyingi za wanaoanza na shida ni hiyo hiyo. Steringi anarusha radi, anapumzika kidogo, anarusha tena. Kupumzika sio bei. Bei ni lazima iguse kitu anachokipenda, hapo ndo msomaji anaanza kumwombea asitumie nguvu hata kama adui yuko mlangoni. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna mfano wa zamani na mzuri mno, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ya mwaka 1952, ndugu zake Adili wamegeuzwa manyani na yeye inambidi awachape kila usiku, anawachapa huku moyo unamuuma. Mtu kugeuka nyani unaweza kusahau, ila ule mkono unaoinuka kumpiga ndugu wa tumbo moja huusahau. Mwandishi wa leo mwenye miaka 17 anayetaka kujifunza fantasia asione hivi ni vitabu vya mtihani tu, arudi avisome kama stori, atashangaa.

Alafu kuna hili neno uchawi. Ukiandika uchawi kwa Kiswahili msomaji haoni fimbo inayong'aa, anaona usiku, anaona hofu, anaona mtu kalogwa. Kama hofu ndo unayoitaka sawa, litumie, ni neno lenye nguvu. Lakini kama nguvu ya binti yako ni kitu cha kurithi au cha kufundishwa basi ipe jina lake mwenyewe, na usikimbilie kutunga neno lisilotamkika, chukua kitenzi cha kawaida kabisa ukipe kazi mpya. Mimi niliita kuamsha. "Mama yake alikuwa anaamsha, na bibi yake aliamsha mpaka akawa bubu." Kila mtu anaelewa kuamsha ni nini, na bado ndani ya stori limekuwa kitu kingine. Na majina ya watu hivyo hivyo, litamke kwa sauti kama unamwita mtu aliye mbali, ulimi ukijikwaa libadilishe.

Swali ambalo wengi hawajiulizi mapema ni hili, watu wazima wako wapi? Hii ni fantasia ya vijana, steringi ana miaka 14, 15, 17, sasa kama nchi inaungua kwa nini anayeenda kuizima ni yeye na sio baba yake, mwalimu wake, jeshi la mfalme? Njia rahisi ni kuwaua wazazi wote ukurasa wa kwanza na wengi wanafanya hivyo, mi naona ni kukimbia sehemu tamu. Mwache mama awepo. Mama ambaye anajua, anaogopa, anadanganya kwa sababu anampenda mwanae, huyo ana kazi kubwa kwenye stori kuliko zimwi. Sihaba mwanzoni nilimfanya yatima na nilipomrudishia mama yake sura zote ziliamka, maana ghafla ana mtu wa kumficha, ana mtu wa kumkosea, na ana neno moja ambalo hataki limtoke kamwe.

Na adui asiwe mbaya tu kwa sababu ni mbaya. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, aliombwa na mchapishaji aandike kitabu cha vijana, akajiuliza mbona wenye nguvu za ajabu kwenye stori zote ni wazee wa ndevu nyeupe, je walipokuwa vijana walikuwaje, wamejifunzia wapi? Kutoka kwenye swali hilo ikaja A Wizard of Earthsea mwaka 1968, na kinachomwinda kijana wa mle ndani ni kivuli alichokiachia mwenyewe kwa kiburi chake akitaka kumwonyesha mwenzake kwamba anaweza. Nakuambia hivyo uone kwamba swali dogo tu, la kweli, linatosha kuanzia kitabu. Na uone pia kwamba umri wa steringi unabeba stori yenyewe, kiburi kile ni cha mtu wa umri ule, aibu ile ni ya mtu wa umri ule, mtu wa miaka 40 angekosea kwa namna nyingine.

Kwa hiyo kumbuka ulivyokuwa na miaka 15. Sio matukio, kumbuka uzito. Rafiki asipokusalimia siku moja dunia imeisha. Kijana anayesoma hataki kuhubiriwa na anakunusa mbali ukianza, ukiona mzee wa busara kwenye stori yako anaongea nusu ukurasa mfululizo futa, mpe sentensi mbili na kazi ya kufanya mikononi.

Sasa kusoma. Kuna watu wanaona aibu kusoma fantasia za vijana wakiwa watu wazima, wanaficha jalada kabisa. Usione aibu, soma, tena soma kwa raha kwanza, usianze kuchambua, lala saa nane usiku ukiwa umeshikilia kitabu kwa sababu unataka kujua kama atafika. Ukimaliza rudi mara ya pili na penseli, sasa hivi unatafuta pale ulipokamatwa. Mimi huwa naenda sura ya kwanza nahesabu, ni baada ya aya ngapi nimejua steringi anataka nini, ni baada ya kurasa ngapi ajabu ya kwanza imetokea, mwandishi ameeleza kiasi gani na amenyamaza wapi. Kitabu kimoja ulichokipenda kweli ukikisoma hivyo kinakufundisha kuliko vitano ulivyosoma juu juu.

Kuhusu kasi nisikupotezee muda. Riwaya ya aina hii mara nyingi inacheza kwenye maneno elfu 70 mpaka laki moja, inatisha ukiisema hivyo, lakini maneno 300 kwa siku ni kama ukurasa mmoja tu wa chapa, na siku 300 za hivyo ni maneno elfu 90, hapo bado una siku 65 za kuumwa na kuchoka na kusafiri ndani ya mwaka. Rasimu ya kwanza usiirudie rudie, mbele kwa mbele, hata ukigundua sura ya sita kwamba kaka yake inabidi awe dada andika kikumbusho pembeni kisha endelea kana kwamba alikuwa dada tangu mwanzo. Kuediti kuna siku yake. Nimeona watu wenye kipaji kunizidi mimi mbali sana wana sura ya kwanza nzuri ajabu, wameipiga msasa miaka minne, na hawana sura ya pili.

Kama wewe mwenyewe ndo una miaka 15 unayesoma hapa usisubiri ukue. Christopher Paolini alianza kuandika kitabu chake cha fantasia, Eragon, akiwa na miaka 15, familia yake ndo ilikitoa wenyewe mwaka 2002 na mwaka uliofuata mchapishaji mkubwa akakichukua. Na kama una 40 vilevile hujachelewa, Madeleine L'Engle kitabu chake A Wrinkle in Time kilikataliwa na wachapishaji zaidi ya mara 20, kilipotoka mwaka 1962 yeye alikuwa na zaidi ya miaka 40, na mwaka 1963 kikapata medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto kule Marekani. Kukataliwa kunauma jamani, sitakudanganya. Mchapishaji wa kwanza niliyempelekea alinijibu mistari miwili, kwamba stori za ajabu hazina wasomaji, nikaweka kazi kabatini miezi mitano sikuigusa. Nilichojifunza ni kwamba barua ya mistari miwili haikuelezi kitu kuhusu stori yako, haina cha kufanyia kazi, isome mara moja uiweke. Anayekusaidia ni yule anayekuambia "hapa nililala" au "huyu jamaa sikumwelewa kwa nini karudi". Tafuta wasomaji wa namna hiyo wawili watatu, na mmoja wao awe kijana kweli, sio mtu mzima anayekisia vijana wanapenda nini.

Mimi nilimpa mpwa wangu, ana miaka 15. Alichukua kurasa zote Ijumaa, Jumapili jioni akaja akasimama mlangoni ameshika ile ya mwisho. Kwenye rasimu ile Sihaba alikuwa ameamsha moto mkubwa kuliko yote, lango la mji limeungua, watu wametoka salama, wanashangilia, mwisho. Nilikuwa najivunia sana yale mashangilio. Hakusema nzuri wala mbaya, aliuliza tu, "Mjomba, sasa lile jina la mama yake limebaki au limeenda?"

Nikamwambia limo humo, rudia kusoma. Akasema kasoma mara mbili. Nikafungua faili nikashuka mpaka sura ya mwisho nikatafuta, na kweli halikuwepo, nilikuwa nimelijua kichwani muda wote nikadhani nimeliandika. Akakaa pale kwenye kiti anasubiri. Nikafuta mashangilio yote, nikamtoa Sihaba kwenye umati nikamrudisha nyumbani usiku, mlango uko wazi, mama yake yuko ndani kampa mgongo anakoroga chungu, na Sihaba amesimama pale kizingitini amefungua mdomo kumwita.