Pua ya simbilisi na mkono wangu

"Mama, mbona wewe ndiye unayemwonyesha?"

Swali hilo la binti yangu wa miaka 9 lilinirudisha mwanzo kabisa. Jioni hiyo, nyumbani kwetu Moshi, nilikuwa nimeficha kotimiri chini ya kikopo kimoja kati ya vitatu, na Karanga, simbilisi wetu, alikuwa ameipata mara 6 kwa 6. Furaha yangu ilikuwa kubwa. Kumbe kila nikimaliza kupanga, macho yangu yanaganda kwenye kikopo chenye kotimiri, na ndicho ninachokigusa mwisho.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mnyama wako anatafuta chakula kwa pua, kwanza jitoe wewe. Ujerumani kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, watu wakiamini anajua hesabu, mpaka mwaka 1907 Oskar Pfungst alipoonyesha kwamba alikuwa akisoma miili ya waliomuuliza. Sisi sasa tunafanya wawili. Mmoja anaficha kisha anatoka chumbani. Mwingine, asiyejua kilipo, anaingia na kumwachia Karanga. Nafasi tunaipata kwa kuokota karatasi zenye namba 1, 2 na 3 mfukoni, maana binadamu akijichagulia mwenyewe huishia kwenye mpangilio fulani, na mnyama huushika upesi.

Vikopo vyetu ni vya mtindi, visivyopitisha mwanga, vimetobolewa juu kwa msumari wa moto. Vyote huoshwa, na vyote hushikwa na mkono uleule uliochuma kotimiri. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaacha harufu ya mkono kwenye kikopo kimoja tu, halafu wanasifia pua kwa kugundua chakula. Sakafu nayo tunaifuta kwa maji yenye siki kila mzunguko, kwa sababu simbilisi huacha harufu yake anapopita na anaweza kufuata njia yake ya jana. Mlango unafungwa. Upepo ukiingia, harufu inazagaa.

Kikopo cha kwanza kusukumwa kwa pua ndicho jibu. Akikosea, mzunguko umekwisha, asiruhusiwe kujaribu cha pili.

Hesabu ndiyo inayokuepusha na kujidanganya. Kwa vikopo vitatu, anayebahatisha atapata kama 4 katika mizunguko 12. Kupata 8 au zaidi kwa bahati tupu hutokea chini ya mara 2 katika 100. Karanga alipata 9. Tulifanya mizunguko minne kwa siku, siku tatu, maana akichoka anajikunyata pembeni na majibu yake hayana maana tena.

Hata hiyo 9 haikunitosha. Je, kama alikuwa anasikia majani yakichakachika? Tukafunga kotimiri kwenye vipande vya bendeji, tukavibandika ndani ya vikopo vyote vitatu, juu asipofikia, na kuweka majani ya kuliwa chini ya kimoja tu. Sasa kila kikopo kinanukia. Alipata 4. Nilipoona 4 ile ndipo nilipoamini kwamba mara ya kwanza ilikuwa pua.

Kuna jambo moja nakusihi sana: usimshindishe njaa ili ajitahidi. Utumbo wa simbilisi unahitaji nyasi wakati wote, na kukosa chakula kwa saa chache tu kunaweza kumletea maradhi. Tumia anachokipenda, si njaa. Kotimiri, karoti kidogo, au pilipili hoho, ambayo pia inampa vitamini C, kwani mwili wake, kama wetu, hauwezi kuitengeneza. Vitunguu vya aina zote viache, vinamdhuru.

Binti alipoanza kuuliza pua ya mnyama inaweza kufika wapi, nilimweleza kuhusu panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wananusa mabomu ya ardhini na hata kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa wa wanyama mwaka 2020. Tangu siku hiyo daftari la matokeo ni la binti, mimi siruhusiwi kuandika.

Julai hii, baridi ikiwa kali, ameandika jambo ambalo sikumfundisha. Karoti iliyotoka moja kwa moja kwenye friji: 5 katika 12. Karoti ileile ikikaa kwanza mezani saa nzima: 10. Pembeni ameandika kwa penseli, "Baridi inaficha harufu?" Wiki ijayo tunarudia zote mbili, na safari hii yeye ndiye anayeficha.