Mahindi ya Kuvuka Mpaka: Angalia Haya Kabla Hujapakia

Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki upo tangu 2005, lakini anayepeleka mahindi Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, anajua soko hili linavyopanda na kushuka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 kikwazo kikatoka upande wetu Tanzania, malori yakakwama kwa ajili ya vibali vya kuuza nje. Mwaka 2024 ukame ukaipiga Zambia, mahindi yetu yakatafutwa kupitia mpaka wa Tunduma.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, anza na ukavu wa nafaka. Mimi nikinunua soko la nafaka la Kibaigwa, Dodoma, sitazami sura ya gunia. Nachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje, juu, ubavuni na chini, namwaga punje kiganjani, nanusa, kisha naziweka kwenye kipima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Magunia ya juu ya lundo yakisoma 13 na ya chini 15, mzigo wote urudi kuanikwa kwenye turubai, hata kama dereva ananuna. Mahindi yasiyokauka vizuri yakikaa siku mbili kwenye foleni ya mpakani yanapata joto, na kuvu hapo ndipo linapostawi.

Vibali na cheti cha afya ya mimea vishughulikie kabla ya kukodi lori. Na kwa wenye mitaji midogo, hasa akina mama: mzigo wa bidhaa za Jumuiya usiozidi dola 2,000 unaweza kupata cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, palepale mpakani. Inaniuma kuona watu wanalipa wapitishaji wa njia za panya na kuhatarisha mtaji wa familia, ilhali njia halali ipo.

Mwisho, usipakie ukiwa na mnunuzi mmoja tu. Tafuta wa pili ndani ya nchi, mwenye mashine ya kusaga au kiwanda cha chakula cha kuku, mpatane bei. Itakuwa chini ya ile ya Nairobi. Piga hesabu kwa bei hiyo kwanza: ikirudisha mtaji na nauli, pakia. Isiporudisha, punguza magunia.