Mgogo huyu atakula nini Salvador?

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi ujao naenda Salvador, Brazili, kwa mafunzo ya siku kumi. Nimekulia Mpwapwa, tumbo langu linajua ugali wa uwele na mlenda. Wenzangu wananitisha, ati vyakula vya barabarani kule haviliki kwa mtu wa bara. Nitakula nini? — Msomaji, Kisasa, Dodoma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wanaokutisha wamefika, au wamesimuliwa? Mimi nilikaa Salvador wiki tatu, na kitu cha kwanza kula nje kilikuwa bagia. Wao huiita acarajé. Kunde hulowekwa, zikamenywa maganda, zikasagwa na kitunguu, kisha donge kubwa kama ngumi linazamishwa kwenye mawese. Ujuzi huo ulivuka bahari na watumwa wa Afrika Magharibi. Wayoruba hadi leo wana bagia yao, akara. Wauzaji, akina mama wa magauni meupe na vilemba, huitwa baiana, na tangu 2005 kazi yao imeorodheshwa kuwa urithi wa taifa la Brazili.

Sasa sikia kosa langu. Jioni moja mtaa wa Rio Vermelho, mama muuzaji akaniuliza: quente? Kamusi yangu ilisema "ya moto". Nikaitikia haraka, nani anataka bagia iliyopoa? Kumbe kwao quente ni pilipili tele. Machozi yalinitoka, nikakimbilia dafu. Wewe sema frio, yaani "baridi". Bagia itakuja na moto wake, pilipili itabaki kwa mwenyewe.

Halafu huipasua na kuijaza. Vatapá, rojo zito la mkate, tui, kamba na korosho, lilinikinai. Lakini caruru! Bamia, karanga za kusaga, kamba wakavu, mawese. Inavutika kama mlenda wa bibi yako. Wageni wenzangu walikunja nyuso, mimi nikaomba kijiko cha pili.

Mawese usiyoyazoea yatakuendesha, kwa hiyo siku ya kwanza moja inatosha. Au chukua abará: kunde zilezile, ila zimefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke.

Ugali hakuna. Kuna pirão, unga wa muhogo uliosongwa kwa supu ya samaki, laini kama uji wa mgonjwa. Mimi niliumega kwa mkono, wakanitazama, nikamaliza.